Upole wa Dukani: Tabia ya Samaki wa Mapambo na Haki ya Mnunuzi Kuelezwa

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa zikiwa hai, samaki wa mapambo huenda ndio ambao mnunuzi huwafahamu kidogo kuliko wote. Anayenunua kuku wa kienyeji anajua kwamba majogoo wawili hawalali banda moja kwa amani. Anayenunua mbuzi anajua beberu mkubwa atamfanya nini mdogo wake penye majani. Elimu hiyo tumelelewa nayo, wala hakuna haja ya kuuliza. Lakini mtu akiingia duka la samaki wa mapambo hapa mjini, akavutiwa na samaki sita wa rangi sita, hana elimu ya kurithi ya kumwongoza. Huchagua kwa jicho, hulipa, akaenda zake.

Baada ya wiki tatu au nne samaki wamebaki wawili, na mmoja wao amejibanza nyuma ya chujio, mapezi yamechanika. Lawama humwangukia muuzaji, kwa kudhaniwa kuwa ameuza samaki wagonjwa, na muuzaji naye hujitetea kwa kusema kwamba maji ya mnunuzi ni mabaya. Mara nyingi hakuna ugonjwa, na maji hayana neno. Samaki wameuana.

Somo hili limekusudiwa kumsaidia mtumiaji kulielewa jambo hilo kabla ya kutoa fedha yake. Tunaeleza kwa nini samaki hupigana, kwa nini samaki aliyeonekana mpole dukani hubadilika afikapo nyumbani, na taarifa zipi muuzaji anapaswa kuzitoa. Tabia ya kiumbe ni sehemu ya bidhaa, kama ilivyo rangi yake au urefu wake.

Ukali ni nini

Tunapenda kumwita samaki "mkali" kana kwamba ni mtu mwenye hasira za karibu. Samaki hana ugomvi wa namna hiyo. Hupigania vitu vinavyojulikana: mahali pa kutagia, maficho, chakula, majike, na mayai au watoto wake. Ukimwondolea sababu, ukali hupungua. Ukimwekea sababu katika nafasi finyu, hata aliyesifiwa kwa upole huuma.

Wavuvi na wazamiaji wetu wanalijua hili kupitia kikande. Yule kikande mkubwa wa miambani, wakati wa kulinda mayai, humfukuza mtu mzima ndani ya maji na anaweza kumng'ata. Msimu ukipita, mtu yuleyule atapita mahali palepale na samaki hatamjali.

Wala udogo si dhamana. Katika Ziwa Tanganyika yupo samaki aitwaye Lamprologus ocellatus, ambaye hazidi sana sentimita 5. Makazi yake ni gamba tupu la konokono wa ziwani, ambalo hulifukia mchangani, ukabaki mlango tu. Mfugaji akitia mkono kusafisha tangi karibu na gamba hilo, samaki huyo huushambulia mkono. Hakudhuru, lakini hakimbii pia. Samaki wa ukubwa wake anayepita hapo kila saa kwa sababu tangi ni dogo hana bahati ya kuwa na mkono mnene.

Mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, aliandika katika kitabu chake cha 1963 kuhusu ugomvi wa wanyama kwamba samaki wa miamba ya matumbawe wenye rangi kali kama za bango la tangazo ndio hasa wanaoshambulia wenzao wa aina moja. Kwa maoni yake, rangi ile ni tangazo la himaya: hapa pana mwenyewe. Watafiti waliomfuata wamepata mifano mingi isiyofuata kanuni hiyo, kwa hivyo haifai kuchukuliwa kama sheria. Hata hivyo inamfaa mnunuzi kama tahadhari, kwa maana yeye huvutiwa na tangazo lilelile lililokusudiwa kumfukuza mpinzani.

Upole wa dukani

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, nasi tutapaeleza kwa urefu.

Samaki wengi wa maji baridi wanaofugwa kwa mapambo, na wanaosifika kwa rangi, ni wa jamii ya sikilidi. Perege na sato ni wa jamii hiyohiyo. Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa yana mamia ya aina zao ambazo hazipatikani kwingine duniani, na samaki kutoka Kigoma wamekuwa wakisafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, Marekani na Japani kwa miaka mingi. Bidhaa hii basi ni ya kwetu Afrika Mashariki, ingawa maelezo yake mengi yameandikwa kwa lugha za wengine.

Mmoja wa sikilidi hao ni Astatotilapia burtoni wa Ziwa Tanganyika. Madume yake ni ya namna mbili. Dume mbabe lina rangi ya kung'aa na mstari mweusi unaopita machoni. Lina himaya, linafukuza na kutongoza. Dume nyonge limefifia kama jike, linaogelea pamoja na majike, wala halimgusi mtu. Mtazamaji angeapa kwamba hizo ni aina mbili tofauti. Lakini dume mbabe likiondolewa, mmoja wa wale wanyonge huanza kubadilika rangi ndani ya dakika chache, mstari wa machoni ukatokeza, akaanza kuwafukuza wenzake. Ukali ulikuwemo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni nafasi.

Sasa tulitazame tangi la dukani. Limejaa samaki kupita kiasi, kiasi kwamba hakuna awezaye kushika himaya. Wengi ni wadogo ambao hawajafikia umri wa kuzaa. Kila siku wengine hutolewa na wengine hutiwa, hivyo hakuna utawala unaodumu. Mara nyingi hakuna mawe wala maficho, yaani hakuna cha kugombaniwa. Mazingira hayo huleta amani, na muuzaji anapomwonesha mnunuzi tangi lile na kusema "tazama, wanakaa pamoja", hasemi uongo. Amani ile ni ya duka, si ya samaki, na haifungashwi.

Mfano ulio wazi zaidi ni Melanochromis auratus wa Ziwa Nyasa. Ni mmoja wa samaki wa mawe ambao Watonga wa pwani ya Malawi huwaita mbuna, jina ambalo sasa linatumika dunia nzima. Wadogo wake ni wa manjano kama dhahabu, wenye michirizi myeusi iliyotiwa ukingo mweupe. Ni vigumu kumpita bila kumtazama tena. Majike hubaki na rangi hiyo maisha yao yote. Dume linalotawala hugeuka: sehemu za dhahabu huwa nyeusi, na michirizi iliyokuwa myeusi huwa ya rangi hafifu, kana kwamba picha imepinduliwa. Madume mengine yaliyo chini yake huendelea kuvaa rangi ya dhahabu, yakijificha ndani ya vazi la kike.

Tuchukulie kwamba mnunuzi amechagua wanne wa dhahabu na kuwatia katika tangi la urefu wa sentimita 60. Miezi miwili inapita bila tatizo. Siku moja mmoja anaanza kuwa mweusi. Mnunuzi anadhani ni ugonjwa, anatafuta dawa. Wiki inayofuata wa kwanza amekufa, kisha wa pili. Hakuuziwa samaki mgonjwa wala hakufanya uzembe. Aliuziwa samaki ambaye wafugaji wenye uzoefu humhesabu miongoni mwa mbuna wagomvi kabisa, naye akauziwa kwa rangi ya utotoni. Taarifa ambayo ingemwokoa ni ya sentensi moja.

Mabadiliko ya rangi pekee, bila ukali mkubwa, nayo ni jambo la kuulizia. Tropheus duboisi wa Ziwa Tanganyika akiwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe kama nyota. Akikua madoa yote hutoweka, kichwa huwa cha samawati na mwili hubaki na mshipi mmoja. Mzuri bado, ila si yule aliyelipiwa.

Mpole mwenye kinywa kikubwa

Lipo kosa jingine ambalo wauzaji hulifanya bila nia mbaya, nalo ni kuchanganya ugomvi na uwindaji. Samaki anaweza asiwe mgomvi hata kidogo na bado akawamaliza wenzake, kwa sababu kwake wenzake ni chakula.

Cyphotilapia wa Ziwa Tanganyika, ambaye wafanyabiashara humwita frontosa, ana mwendo wa heshima na nundu kubwa kichwani. Yule wa upande wa Kigoma hutambulika kwa mistari yake saba. Hukua kupita sentimita 30. Ni mtulivu kwelikweli, na ni sahihi kumwelezea hivyo. Lakini ziwani huwala samaki wembamba waliozubaa gizani na alfajiri, na nyumbani atafanya vivyo hivyo. Mfugaji huamka akahesabu samaki na kukuta pungufu, bila pezi lililochanika wala mwili ulioelea. Malaika wa maji baridi, yule bapa kama mwezi mchanga, anasifiwa kwa madaha yake, na anapokua huwameza samaki wadogo wa rangi ya neoni ambao mara nyingi huuzwa kama wenzi wake. Kanuni ya wafugaji wa zamani haina ufundi: kinachoingia kinywani kitaliwa.

Tunachokipenda sisi wanunuzi

Itakuwa si haki kumlaumu muuzaji peke yake. Wanunuzi tuna mapendeleo yetu, na mengi yake huchochea vita.

Tunapenda rangi kali, na katika aina nyingi rangi kali ni ya madume. Kwa hivyo tunajaza tangi madume matupu. Tunapenda mmoja wa kila namna, kama anayekusanya stempu, ilhali samaki wengi hutulia wanapokuwa kundi la aina yao. Tunapenda tangi dogo linaloingia juu ya kabati la televisheni. Na tunapenda kuongeza mmoja kila mwisho wa mwezi, mshahara ukipatikana, bila kujua kwamba mgeni anayeingia peke yake anakutana na wenyeji waliokwisha kugawana kila jiwe. Katika ugomvi wa samaki, mwenyeji ana nafasi kubwa ya kushinda hata akiwa mdogo kidogo kuliko mgeni.

Wapo pia wanaopenda ukali wenyewe, nasi hatuoni aibu katika hilo. Oska wa Amerika ya Kusini humtambua anayemlisha, huja kioo kinapoguswa, hula mkononi, huhamisha mawe kwa kinywa akapanga tangi apendavyo. Anayetaka samaki mwenye haiba ya paka atamfurahia. Lakini oska huuzwa akiwa na sentimita 5 na hukua hadi 30 au zaidi. Anahitaji takriban lita 300 za maji peke yake. Muuzaji akimweka katika tangi moja na samaki wa vidole viwili, akakaa kimya, ameuza matatizo ya mwaka ujao.

Kuhusu beta, samaki mpiganaji wa Thailand, mengi yamekwisha kusemwa. Wathai walimchagua kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya mapigano, na mwaka 2019 Serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Madume mawili hayawekwi pamoja. Hilo karibu kila muuzaji hulisema. Lisilosemwa ni kwamba kukaa kwake ndani ya gilasi dukani si dalili kwamba anapenda gilasi. Ana kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, basi hachelewi kuonekana mzima mahali ambapo samaki mwingine angekufa.

Samaki wa kisiwa chetu

Wasomaji wengi watashangaa kusikia kwamba mmoja wa samaki wa mapambo wanaojulikana sana kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani asili yake ni Unguja hii hii. Nothobranchius guentheri alipewa jina hilo mwaka 1893 na mtaalamu wa Hamburg, Georg Pfeffer, kwa vielelezo vilivyotoka kisiwani kwetu. Huishi katika madimbwi na vinamasi vya msimu. Masika yakinyesha mayai yaliyolala ndani ya tope hupasuka, samaki hukua kwa kasi, hukomaa ndani ya wiki chache, hutaga topeni, na dimbwi likikauka wote hufa. Mayai hubaki ardhini yakisubiri mvua. Kwa sababu hiyo wafugaji wa nje huyatuma kwa posta yakiwa ndani ya mboji yenye unyevunyevu, na anayeyapokea huyatia maji akapata samaki.

Dume lina mwili wa samawati-kijani na mkia mwekundu wenye ukingo mweusi. Jike ni la rangi ya vumbi. Mtu asiyejua atanunua madume matatu na kuacha majike, maana majike hayana cha kutazamwa. Madume hayo matatu katika tangi dogo yatatwangana kila siku. Afadhali dume moja na majike mawili au matatu, pamoja na mimea au maficho, kwa kuwa dume hili huwasumbua majike bila kupumzika, na jike lililo peke yake hudhoofika.

Lipo jambo jingine linalomhusu mtumiaji moja kwa moja. Samaki huyu, hata akitunzwa vizuri ndani ya tangi lisilokauka, huishi takriban mwaka mmoja. Akifa katika umri huo hakuwa na kasoro, wala mnunuzi hana dai. Dai linakuwepo ikiwa muuzaji alijua umri huo mfupi akaunyamazia alipoulizwa.

Nafasi, uzito na umeme

Dawa kuu ya ugomvi ni nafasi, ikifuatiwa na maficho ya kuukata uwanja wa macho: mawe, vyungu vilivyolazwa, mimea. Mbuna, kwa mfano, wanahitaji tangi la urefu wa sentimita 120 hivi. Wafugaji wao wengi huwaweka wengi kwa makusudi ili dume mbabe lisiweze kumwandama mmoja tu, vipigo hugawanyika. Kwa upande wa maji, Unguja inawafaa, kwani maji yetu mengi hutoka katika mwamba wa chokaa na huwa magumu kama ya maziwa yao. Samaki wa mito laini ya Amazoni hawana bahati hiyo. Maji yasiyomkubali samaki humdhoofisha, na aliyedhoofika huandamwa kwanza.

Lakini kila dawa ina gharama yake, na hapa gharama ni za mahali petu hasa. Tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50 huchukua lita 240, yaani kilo 240 za maji. Ukiongeza kioo, mchanga na mawe, uzito hupita kilo 300, zote juu ya eneo la meza moja. Katika nyumba za Mji Mkongwe ambazo sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko za miaka mingi, uzito huo haupaswi kuwekwa ghorofani kabla ya fundi anayezijua nyumba hizo kuangalia. Tangi hilo likae chini. Kama nyumba ina ghorofa tu, basi mkaaji wake achague samaki wadogo wa kundi wasiohitaji himaya, wala asishawishiwe kununua mbuna.

Mpango wa kujaza mbuna wengi nao unategemea chujio linalofanya kazi usiku na mchana. Aliyekuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila umeme, hana haja ya kuelezwa maana yake. Siku hizi kukatika ni kwa saa, lakini katika tangi lililojaa saa chache zinatosha hewa kupungua. Muuzaji anayeshauri samaki wengi bila kutaja pampu ndogo ya betri ametoa nusu ya ushauri.

Anayeongeza mgeni katika tangi lenye wenyeji ahamishe mawe kwanza ili himaya zote zivunjike, kisha amtie mgeni taa zikiwa zimezimwa. Kwa tangi jipya, wapole watangulie na wagomvi wawe wa mwisho.

Wa baharini

Tangi la maji chumvi ni gharama kubwa na kazi nyingi, nasi hatulipendekezi kwa anayeanza. Tunataja jambo moja tu, kwa sababu ya filamu ya mwaka 2003 iliyowafanya watoto wa dunia nzima kumtaka samaki wa rangi ya chungwa anayeishi ndani ya anemoni. Miamba yetu ina ndugu zake, akiwemo Amphiprion akallopisos mwenye mstari mweupe mgongoni. Kundi lao hutawaliwa na jike kubwa kuliko wote, likifuatiwa na dume lake, kisha wadogo wasiozaa. Jike likifa, dume hugeuka jike. Katika tangi la nyumbani wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wanaweza kuafikiana. Wa tatu mara nyingi hupigwa hadi kufa. Na asiwepo mtu wa kudhani anaweza kuokoa fedha kwa kujichukulia mwenyewe katika hifadhi: mwamba wa Chumbe umelindwa tangu 1994, na uvuvi humo hauruhusiwi.

Kabla ya kulipa, na baada yake

Tarehe 15 Machi 1962 Rais Kennedy wa Marekani alipozitaja haki za mtumiaji mbele ya Bunge la nchi yake, haki ya kuelezwa ilikuwa mojawapo, na ndiyo sababu siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Haki za Mtumiaji Duniani. Hapa Zanzibar tunayo Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji, Na. 5 ya mwaka 2018, nayo haikumwacha nje muuzaji wa viumbe hai. Maelezo ya kupotosha ni ya kupotosha, iwe yamehusu simu au samaki.

Mnunuzi aulize jina la kitaalamu la samaki, si lile la dukani tu, maana jina kama "sikilidi mchanganyiko" halimwambii kitu na humfungia njia ya kutafuta habari mahali pengine. Aulize atafikia urefu gani na huishi muda gani. Kama rangi anayoiona ni ya mdogo au ya mkubwa. Kama anakaa peke yake, wawili, au kundi, na dume moja kwa majike mangapi. Ataje tangi lake kwa vipimo na samaki waliomo kwa majina, kisha aulize waziwazi: huyu ataishi na hao? Muuzaji mwenye ujuzi atajibu kwa raha, na wapo ambao watakataa kuuza, jambo ambalo mnunuzi alichukulie kuwa ni heshima kwake. Anayejibu kila swali kwa "hawana shida" hajajibu.

Jina la samaki, idadi na tarehe viandikwe katika risiti. Ikiwa muuzaji amesema samaki ni mpole na anakaa na wengine, maneno hayo nayo yaandikwe. Tunasisitiza hilo kwa sababu malalamiko ya namna hii huanguka kwa kukosa ushahidi kuliko kwa kukosa haki. Samaki kuumwa na mwenzake si kasoro ya bidhaa kwa yenyewe; mnunuzi aliyeambiwa ukweli akapuuza hana wa kumlaumu. Aliyeuliza akapotoshwa yuko katika hali nyingine kabisa.

Ugomvi ukianza, mtenge anayepigwa siku hiyohiyo, hata kwa ndoo safi yenye pampu ya hewa na maji ya tangi lilelile. Kipande cha plastiki chenye matundu kinatosha kuligawa tangi kwa muda. Piga picha za majeraha na za tangi zima, kisha wasiliana na muuzaji. Wengi hukubali kumrudisha samaki au kumbadilisha, na ni vyema makubaliano hayo yafanywe kabla ya kununua.

Asiyetakiwa asimwagwe mtaroni, dimbwini wala bondeni penye mpunga. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu wa ziwa lile zilikuwa zimetoweka. Madimbwi ya Unguja ni madogo mno kuliko ziwa lile, na yana samaki wake. Mrudishie muuzaji, au mpe mfugaji mwingine na umweleze tabia ya samaki huyo kama ulivyoiona wewe.

Kama muuzaji amekataa kusikiliza, lete lalamiko ofisini ukiwa na risiti, picha, vipimo vya tangi na orodha ya samaki waliokuwemo siku uliyomtia mpya. Lalamiko kwa mdomo hupokelewa pia, nasi tutaliandika. Samaki aliyekufa hifadhiwe katika friza ndani ya chombo kilichofungwa hadi tutakapokuambia vinginevyo, kwani mtaalamu akihitajika kutofautisha jeraha la meno na kidonda cha ugonjwa atahitaji kumwona samaki mwenyewe.